Deni la Aliyetaja Bei

Mjomba wangu alikuwa mnunuzi wa kahawa Butembo, mashariki mwa Kongo, na katika sanduku lake la bati alitunza madaftari mawili. La kwanza lilifanana na la mfanyabiashara yeyote wa mji ule: jina, kilo, fedha alizotanguliza, fedha zilizobaki. Mali bila daftari hupotea bila habari, na Butembo mtoto wa mfanyabiashara hulijua hilo kabla hajajua kusoma. La pili lilikuwa jembamba, lenye jalada la buluu, limeshonwa kwa uzi mweusi, na humo hakuandika fedha hata senti moja. Aliandika maneno aliyowaambia watu. “Nilimwambia auze.” “Nilimwambia asubiri Pasaka ipite.” Baada ya miezi alirudi pembeni, kwa kalamu nyingine, akaandika yaliyotokea.

Ukurasa ninaoukumbuka ni wa 1989. Una majina kumi na moja, na mbele ya kila jina neno ni lile lile: angoje. Mwezi wa saba wa mwaka ule, mkataba wa kimataifa uliokuwa ukiipimia kila nchi kiasi cha kahawa ya kuuza ulisimamishwa huko London. Kila nchi ikamwaga magunia yake sokoni, na kwa miezi michache tu bei ikaanguka karibu nusu. Majirani walikuwa wameweka kahawa ghalani kwa sababu mjomba alisema bei itapanda. Pembeni mwa kila jina aliandika kwa wino mwekundu: “Nimekwenda.”

Mama ndiye aliyenieleza maana yake. Kaka yake alikwenda nyumba kwa nyumba, zote kumi na moja, akaketi, akasema: mimi ndiye niliyekwambia ungoje. Wengine aliwasamehe fedha alizokuwa amewatangulizia. Kwa wengine hakuwa na cha kutoa, akakaa nao mpaka chai ikaisha kikombeni, akaaga.

Nalikumbuka daftari hilo kila ninapomsikia profesa wa fedha akieleza redioni au kwenye televisheni kwamba soko litapanda, au litashuka, au litatulia. Kazi yake naiheshimu. Mtu aliyetumia miaka yake kusoma jinsi fedha inavyotembea ana la kutuambia, na mji wa wafanyabiashara usiotaka kumsikiliza msomi utalipia ujinga wake kwa bei kubwa. Swali langu ni hili: bei ikishaanguka, yule aliyeitaja yuko wapi?

Kwa wazee wetu Wanande swali hilo halikuhitaji kuulizwa. Palikuwa na kyaghanda, mahali pa moto wa jioni ambapo wanaume waliketi, kesi zikasikilizwa, vijana wakafundishwa. Aliyesema leo “pandeni mapema, mvua i karibu” alikuwa ataketi kwenye moto ule ule msimu ujao, mbele ya wale wale, mbegu zao zikiwa zimeota au zimeoza. Hilo lilimfanya mtu apime neno kabla ya kulitoa. Hakuwa mwema kuliko sisi. Alikaa tu pale ambapo neno lake lingemkuta.

Mwaka ule ule wa 1989, kahawa ilipotuangusha, Askofu Emmanuel Kataliko, aliyekuwa akiliongoza jimbo la Butembo-Beni tangu 1966, alianzisha Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben hapo Butembo, na uchumi ukawa miongoni mwa masomo yake. Kwa hiyo wasomi wa fedha walitufikia kilimani wakati mjomba anazunguka kuomba radhi. Kataliko mwenyewe alijua uzito wa neno. Baadaye, akiwa askofu mkuu wa Bukavu, kwa sababu ya ujumbe wake wa Noeli ya 1999, waasi waliotawala mji huo walimzuia asirudi jimboni kwake, akakaa uhamishoni Butembo karibu miezi saba ya mwaka 2000. Aliporuhusiwa kurudi, hazikupita wiki nyingi akafariki Roma, mwezi Oktoba. Sisemi kila profesa afukuzwe ndipo tumwamini. Nasema Butembo imewahi kumwona mtu akilipia alichokisema.

Kongo haina soko la hisa. Mwanafunzi wa Butembo husoma hisa ubaoni, kwa mifano ya Paris na New York, kama mtoto wa mlimani anavyosoma habari za bahari. Lakini bahari hiyo imeshafika mlangoni. Benki ya Equity ya Kenya, ambayo hisa zake zinauzwa Nairobi, ilinunua ProCredit Bank ya Kongo mwaka 2015, kisha mwaka 2020 ikanunua BCDC. KCB, nayo ya soko lile lile la Nairobi, ilichukua sehemu kubwa ya TMB mwaka 2022. Mwalimu anayepanga foleni kuchukua mshahara wake benki anaweza kuwa anaupokea kwa kampuni ambayo Wakenya wasiomjua wanaigombania bei asubuhi ile.

Na kuna kakao. Hapa ndipo soko la mbali linapoigusa Beni mwilini. Huko Mangina, Oicha na Mutwanga, bei ya kilo inatoka kwa mnunuzi mwenye simu, na simu yake inaitoa London na New York. Mwanzoni mwa 2023 tani moja ilikuwa chini ya dola 3,000. Mavuno ya Côte d'Ivoire na Ghana yakaharibika kwa mvua na ugonjwa wa miti, na kufikia Desemba 2024 tani ikapita dola 12,000. Watu waling'oa mihogo wakapanda kakao. Wataalamu wakasema dunia imeishiwa kakao, bei hii ndiyo bei mpya. Mwishoni mwa 2025 tani ilikuwa imeshuka hadi chini ya nusu ya kilele kile.

Profesa aliye mbali akisema “ngojeni, itapanda tena,” anasema neno dogo kwake. Mwenye akiba New York akingoja, hisa zake zinalala kwenye kompyuta na yeye analala kitandani. Mkulima wa Beni akingoja, matunda yanabaki mtini, katika mashamba ambako tangu Oktoba 2014 watu wanauawa kwa mapanga na risasi. Mwizi anajua siku ya mavuno kama mwenye shamba. Wenye silaha wanaijua pia. Kwa hiyo subira, ambayo tumefundishwa kuwa huvuta heri, huku ina bei ambayo haimo katika hesabu ya darasani. Mwanamke anayeingia shambani alfajiri, akasikiliza kwanza, ndipo akate tunda la kwanza, yeye ndiye anayejua “ngoja” inagharimu nini. Mshauri asiyemuuliza hilo hajaanza kumshauri.

Kuna profesa mmoja ambaye maisha yake ningependa yasomwe katika kila darasa la fedha, Butembo na kwingineko. Irving Fisher alizaliwa Marekani mwaka 1867, akafundisha uchumi Chuo Kikuu cha Yale, na katika miaka ya 1920 wasomi waliosikilizwa kama yeye walikuwa wachache. Aliandika magazetini, alitoa kila wiki kipimo cha bei za bidhaa, na alikuwa tajiri kwa jasho la akili yake: alibuni mfumo wa kadi za kutunzia kumbukumbu za ofisi, akauza kampuni yake, akapata hisa, akakopa kununua hisa zaidi. Katikati ya Oktoba 1929 alisimama mbele ya wafanyabiashara New York akasema bei za hisa zimepanda hadi kwenye uwanda wa juu na hapo zitadumu. Wiki mbili hazikuisha soko likaporomoka. Kwa miezi aliendelea kusema litainuka. Kufikia katikati ya 1932 lilikuwa limepoteza karibu sehemu tisa katika kumi za thamani yake.

Fisher alipoteza kila kitu. Dada wa mkewe alimkopesha fedha ambazo hakuweza kuzirudisha, na Yale ikainunua nyumba yake ili apate kuendelea kuishi humo kama mpangaji. Watu humtaja leo kwa kumcheka, na kicheko hicho kinaniumiza. Yeye hakutuma wengine mtoni akabaki ukingoni, alizama nao. Tena kilichonigusa kuliko yote ni alichofanya baadaye. Mwaka 1933 aliandika maelezo ya jinsi madeni yanavyoivunja nchi, na alikuwa akieleza kilichomvunja yeye mwenyewe. Wakati huo waliomsikiliza walikuwa wachache. Alipokuwa akisema uongo bila kujua, alijaza kumbi; alipoujua ukweli kwa mifupa yake, viti vilikuwa vitupu. Alifariki 1947, na hasa baada ya msukosuko wa fedha wa 2008 ndipo wasomi wengi walipoyafukua maandishi yale.

Alichokiandika Fisher, mkulima wa Mangina anakielewa bila kwenda Yale. Tuseme amechukua kwa mnunuzi dola 600 za mbele wakati kilo ni dola 6. Deni lake ni kilo 100. Bei ikishuka hadi dola 3, fedha ni zile zile 600, lakini sasa ni kilo 200, mavuno ya mara mbili kwa deni moja. Kila mwenye deni anakimbilia kuuza, mnunuzi anaona foleni mlangoni na hana sababu ya kupandisha, na kadiri wanavyolipa ndivyo deni linavyokua. Fisher alisema hivyo kwa lugha ya kisomi. Mjomba aliliona ghalani mwa majirani kumi na mmoja. Ndiyo maana ninaamini profesa aliyeanguka na akakiri ana thamani kuliko yule asiyewahi kukosea, na kosa la pili ni letu, sisi tunaomkimbilia anaposifu na kumkimbia anaporudi na ukweli.

Lugha nayo ni sehemu ya deni la aliyetaja bei. Kule kwetu soko linasema Kinande, barabara ya Kasindi inasema Kiswahili, na ukumbi wa mihadhara unasema Kifaransa. Profesa akitabiri kwa Kifaransa, mama wa kakao hupata neno lake kwa mkono wa tatu, na hawezi kumrudia akamwambia: ulisema hivi. Tanzania walimpata Profesa Honest Ngowi wa Chuo Kikuu Mzumbe. Bajeti ikisomwa, au bei ikipanda, waandishi walimfuata, naye alieleza uchumi kwa Kiswahili ambacho muuza duka alikielewa na angeweza kukishika. Ajali ya barabarani ilimchukua Machi 2022, akiwa safarini kwenda Morogoro, na wengi waliolia hawakuwahi kuketi darasani kwake. Anayesema kwa lugha ya watu amekubali kukumbushwa.

Wahenga walisema mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Nimeona mchambuzi akiisifu bidhaa ambayo yeye mwenyewe ana maghala yake, na hakusema. Kuwa na maghala si kosa. Hata mjomba alikuwa na kahawa yake ghalani. Lakini alianza kila ushauri kwa kusema ana magunia mangapi na angependa bei iende wapi. Msikilizaji akajua ngozi inavutwa upande gani, akapima mwenyewe.

Mwaka jana nilikuwa Beni, katika kibanda cha mpwa wangu aliyemaliza masomo ya uchumi na sasa ananunua kakao. Mama mmoja alitua gunia lake. Mpwa wangu alichota punje kumi, akazipasua moja moja kwa kisu, akazipanga juu ya ubao. Nane zilikuwa za kahawia na mifereji yake, zimevundikwa vizuri. Mbili zilibaki zambarau. Alizinusa, akamwonyesha, akataja bei.

“Mwanangu, wewe umesoma,” yule mama alisema. “Niuze, au ningoje?”

Mpwa wangu aliitazama simu yake kwa muda. Kisha akamwambia yeye mwenyewe ana magunia kumi na manne na angefurahi bei ipande, lakini haoni dalili. Akamshauri auze nusu, nyingine aiweke kama ana mahali salama.

Mama hakuuliza habari za London. Aliuliza: “Na wewe unakaa wapi?”

Akamwelekeza: nyuma ya shule, nyumba ya mbao yenye mwembe mbele.

“Naijua,” mama akasema, akainama, akaanza kufungua kamba ya gunia.