Nyumba Mpya Haina Msamaha

Mama alikaa kwangu siku tatu ndipo akatoa hukumu. "Nyumba yako nzuri, mwanangu, ila ina masharti kama mganga."

Alikuwa amejikunyata kwenye kochi, vitenge viwili mabegani. Ilikuwa Julai, na Isongole ya Julai, huku kwetu Rungwe, haina utani. Ukungu unashuka kutoka upande wa mlima Ngozi kabla jua halijazama, na asubuhi unakuta sakitu imelala bondeni, nyasi zimepauka kama zimeunguzwa. Alichotaka mama ni kitu kimoja tu: jiko la mkaa chumbani mwake, kama alivyolala nalo miaka yote. Nikakataa.

Kumnyima mama moto wakati wa baridi si jambo dogo. Jirani akisikia atasema mtoto huyu kajenga, sasa kiburi kimempanda. Lakini nilikuwa nimeikumbuka nyumba tuliyokulia. Ilikuwa ya matofali mabichi, na kati ya ukuta na bati palikuwa na upenyo wa kupitisha mkono. Upepo uliingia bila hodi. Tulilala na jiko, tukaamka wazima, tukaamini jiko lile halina neno. Kumbe aliyetulinda ni ule upenyo tuliokuwa tukiulalamikia.

Kwangu nimeweka dari ya jipsamu, madirisha ya vioo na aluminiamu, milango inayofunga kimya. Nimelipa fedha nyingi ili upepo usiingie. Na mkaa una hila yake: ukishaiva ukawa mwekundu, moshi unakwisha, nasi tunasema sasa umekuwa salama, uingizeni ndani. Wakati huo ndio unatoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hung'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu anahisi kichwa kizito, kichefuchefu kidogo, viungo vinalegea. Anadhani ni uchovu wa shamba. Anasema ngoja nijilaze. Huku nyanda za juu si mara moja tumesikia habari za watu waliojilaza hivyo, mlango ukaja kuvunjwa asubuhi.

Siku ya kuhamia hakuna anayeyasema hayo. Mchungaji aliomba, wageni walikula wali na nyama, wakasifu rangi na vigae. Mimi nikasimama nikatamka lile neno tunalolipenda: nimemaliza nyumba. Nilikuwa nimemaliza fedha. Nyumba yenyewe ilikuwa inaanza kujaribiwa, na mtahini wa kwanza alikuja Novemba.

Anayeijua Rungwe anajua mvua yake. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote Tanzania. Nilifundisha hesabu miaka mingi lakini hesabu hii sikuwahi kuifanya: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Bati la mita za mraba 100, kwa mvua kama ya Tukuyu, linamwaga lita 200,000 kwa mwaka. Paa la nyasi la wazee wetu lilikuwa likinywa na kutema taratibu. Bati halinywi. Linakusanya yote na kuyatupa kwa kasi palepale penye msingi. Mimi, katika kubana matumizi, gata nilikuwa nimeziacha "kwa ajili ya baadaye". Udongo wetu ni majivu ya volkano, mwepesi, viazi vinaupenda. Ukichimbwa na maji ya paa kila siku nao unaondoka. Ilipofika Februari palikuwa na mfereji kuzunguka nyumba yangu, na ndani, kwenye kona ya dirisha la sebuleni, ufa ulikuwa umeanza safari ya kupanda juu kwa mshazari.

Najua methali unayoingojea. Usipoziba ufa. Tumeikariri tangu darasa la tatu, na mimi nimeifundisha. Nikanunua saruji, nikamwita fundi mwashi mzee wa hapa kijijini aje azibe. Mzee akautazama ufa muda mrefu, mwiko hata hakuutoa kwenye mfuko. Akaomba penseli. Akachora kistari kwenye ncha ya juu ya ufa, kingine ncha ya chini, akaandika tarehe pembeni.

"Ukiuziba leo, mwalimu, umeupaka poda tu. Kwanza tujue kama unatembea."

Akanifundisha kutofautisha. Nyufa nyembamba kama unywele, zilizosambaa kwenye plasta kama ramani ya mito, mara nyingi ni plasta iliyokauka haraka. Ule unaoanzia kwenye kona ya dirisha au mlango ukapanda mshazari, mpaka sarafu inaingia, huo habari zake ziko chini, kwenye msingi. Dawa yake ikawa nje ya nyumba: gata pande zote, bomba la kushusha maji hadi kwenye tanki, na ukanda wa zege kuzunguka kuta, ulioinamia nje ili maji yaende zake. Kisha kusubiri mvua nyingine. Ni ushauri wa mahali petu hasa. Sisi tunaishi ndani ya Bonde la Ufa, ufa kwetu ni anwani. Desemba 1910 ardhi ya upande wa Rukwa ilitikisika kwa kipimo cha 7.4, na nyumba ya kwenye bonde hili inahitaji mkanda wake wa zege juu ya madirisha uwe na nondo za kweli, si za kuhesabu.

Kwa kuwa mzee alishafika, akapanda na darini. Mbao za milingoti nilizozinunua mbichi kwa bei ya kutupa zilikuwa zimekauka na kujipinda, misumari ya bati imenyanyuka, mipira yake imepasuka. Akashuka bila kusema neno. Hilo liliniuma kuliko kugombezwa.

Upande wa umeme aibu ilikuwa kubwa zaidi. Kijana aliyenifungia nyaya alikuwa hodari wa maneno. Nje ya ukuta, nyuma ya jiko, nikakuta waya wa kijani na njano unaning'inia hewani. Huo ndio wa eathi, unaotakiwa kufungwa kwenye fimbo ya shaba iliyozikwa ardhini ili umeme unaovuja upate njia nyingine isiyokuwa mwili wa mtu. Katika boksi la breka kuna kitufe kidogo chenye herufi T. Ukikibonyeza, umeme lazima ukatike. Ndiyo kazi yake, na kinafaa kubonyezwa mara kwa mara. Nilipokibonyeza, taa ziliendelea kuwaka. Ni siku pekee maishani mwangu nimesikitika kwamba umeme haujakatika. Nikatafuta fundi mwenye leseni.

Nilipojumlisha gharama, gata, zege, fimbo ya shaba na breka mpya kwa pamoja havikufikia bei ya geti langu. Geti lenyewe lina simba wawili.

Mama sasa anapika kwa gesi. Serikali inataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia, na mama anasema yeye tayari amewasaidia kwa mmoja. Mtungi tukiubadilisha anachanganya sabuni na maji, anapaka kwenye maungio ya mpira na kutazama kama kuna mapovu yanayochipuka. Gesi ikivuja haipandi, inalala sakafuni kama paka, kwa hiyo mlango wa jikoni tunauacha wazi kwanza. Usiku namjazia maji ya moto kwenye chupa ya mpira, anaikumbatia, ananung'unika.

Kila asubuhi napita sebuleni na miwani yangu kuangalia vistari vya penseli. Jana alinikuta hapo.

"Mgonjwa wako ameamkaje?"

"Salama, mama. Hajasogea tangu Machi."

"Basi niletee jiko langu," akasema, akijua nitakataa.