Anza na Mlango: Nasaha kwa Kijana Anayetaka Kufuga Nyoka Komarock

Mwanangu, mama yako ameniambia unataka kufuga nyoka, na kwamba umeshachora sanduku lake kwenye daftari la hesabu. Alikuja kwangu kwa kuwa anajua nimeshika randa na msumeno tangu ujana wangu. Sitakukataza. Kijana anayempenda kiumbe ambaye wenzake wote humkimbilia na mawe ana jambo jema moyoni, na ningependa jambo hilo likue. Ila usinunue hata msumari kabla hujanisikiliza.

Nyoka uliyemchagua ninamkubali. Huyu mfupi mnene wa mchangani, Eryx colubrinus kwa jina la kitaalamu, hana sumu. Linnaeus alimwandika mwaka 1758, na makao yake ni nchi kavu kuanzia Misri mpaka Tanzania. Hapa kwetu yuko maeneo ya joto ya kaskazini na mashariki. Hatagi mayai, huzaa watoto hai, na jike humzidi dume kwa ukubwa mbali sana. Wafugaji wa Marekani na Ulaya wamemzalisha kizazi baada ya kizazi, na wote humwita kwa jina la Kenya. Inaniuma kwamba mtoto wa Chicago anamfahamu kuliko mtoto wa Kayole.

Lakini kuzaliwa kwake Kenya hakumfanyi kuwa wako. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inataka uwe na kibali cha Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS, ndipo uishi na mnyama pori. Ukimfukua huko nyika ukamleta kwa matatu ndani ya mfuko, umevunja sheria hata kama nia yako ni safi. Na usidhani mdogo hahesabiwi. Mwezi Mei 2025 mahakama ya uwanja wa ndege wa JKIA iliwatoza watu wanne faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, au kifungo cha miezi 12, kwa sababu ya sisimizi. Wawili kati yao walikuwa vijana wa Ubelgiji wenye umri wa miaka 19, waliokamatwa Naivasha wakiwa na malkia wapatao 5,000 kwenye vijichupa vyenye pamba. Walisema hawakujua ni kosa. Wewe sasa unajua, na mama yako hana milioni. Wala usitegemee kumwagiza aliyezalishwa ng'ambo, maana nyoka huyu yuko kwenye Orodha ya Pili ya CITES, mkataba wa biashara ya viumbe pori, na bila karatasi hapiti. Andika barua kwa KWS, eleza ni nyoka gani, atatoka wapi na atakaa wapi. Wakitaka kuja kuona mahali penyewe, ni haki yao, na ndiyo sababu nyingine ya kulijenga sanduku kama mtu anayetarajia kukaguliwa.

Sasa tuje kwenye sanduku. Mchoro wako umeanza na urefu na upana. Ufute, uanze na mlango.

Nyoka usiku kucha hupita kwenye kila kona akisukuma kwa pua. Hachoki, na hana kazi nyingine. Kichwa kikipita, mwili unafuata, na pengo linalopitisha penseli linamtosha nyoka mchanga. Kifuniko cha juu kilichowekewa jiwe hakifai, kwa sababu siku moja jiwe litasahauliwa pembeni. Nataka mlango wa mbele wa vioo viwili vinavyoteleza kwenye reli, kama makabati ya maduka ya simu pale mjini, pamoja na lile kufuli dogo la meno linalovibana vioo pamoja. Mafundi wa vioo pale Kariobangi Light Industries watakukatia na kukulainishia kingo. Vioo hivyo vikipishana huacha uwazi mwembamba katikati, na watu wengi hawauoni mpaka nyoka atoweke. Uzibe kwa utepe wa plastiki laini kuanzia juu mpaka chini. Ufunguo ukae kwako au kwa mama yako, usining'inie kwenye kufuli.

Nakaza sana hapo kwa sababu ya mahali tunapoishi. Nyumba za Komarock zinagusana ukuta kwa ukuta, na wengi wamepandisha ghorofa wakakata vyumba vya kupangisha. Nyoka akipenya darini kwenu anaweza kutokea kwa jirani mwenye mtoto mchanga. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na majirani wetu wengi wametoka vijijini ambako wamemzika mtu kwa sababu ya moma au swila. Hawatasimama kuuliza huyu ana sumu au hana. Watampiga mpaka afe, kisha watauliza nyumba gani hufuga majoka, na swali hilo halitamfikia mama yako kwa upole. Wengine watalitaja neno uchawi. Kwa hiyo waambie mapema, kabla hajafika: jirani wa kulia, jirani wa kushoto, mwenye nyumba, na mama anayekuja kufua nguo. Akisema mmoja wao kwamba hataweza kulala, msikilize mpaka amalize.

Ukubwa wenyewe hauna shida. Sentimita 90 kwa 45, kimo 40, zinamtosha jike mkubwa wa aina hiyo. Tumia plaiwudi nene ya milimita 18. Pembe zote za ndani ziba kwa silikoni, na kila rangi au vanishi uiache ikauke mpaka ukiingiza kichwa ndani husikii harufu. Matundu ya hewa yawe chini upande mmoja na juu upande wa pili, ili hewa ipite bila kuondoa joto lote. Yafunike kwa wavu mgumu uliobanwa kwa vipande vya mbao, ncha za waya zisibaki wazi, maana atasugua pua hapo mpaka itoke damu. Na tafadhali usichukue takataka za randa karakana yoyote ukamtandikia. Mwerezi na mbao nyingine zenye harufu kali humdhuru nyoka mapafu.

Joto ndilo litakalokusumbua. Nyoka hatengenezi joto lake mwenyewe, hulitafuta. Akikosa joto baada ya kula, chakula kinamwozea tumboni naye hukitapika, na baridi ikimzidi anapata ugonjwa wa kifua. Nairobi iko juu, karibu mita 1,700, na Julai unaijua mwenyewe, unavyoamka na sweta. Nyoka huyu ni wa nchi ya jua. Upande mmoja wa sanduku uwe nyuzi 32 hadi 35, upande wa pili 25 hadi 27, ili achague mwenyewe. Mkeka wa umeme utandaze theluthi moja tu ya sakafu, na usiuwashe bila thamostati. Hapa ndipo wengi hukosea: wanapima joto la juu ya mchanga. Nyoka huyu hakai juu. Huchimba mpaka sakafuni, na huko chini mkeka unaweza kuwa unaunguza wakati juu pako vuguvugu. Kipimo kikae chini kabisa, pale tumbo lake litakapolala.

Mchanga sentimita nane hivi. Malori ya mchanga wa Machakos hupita Kangundo Road kila siku. Omba ndoo mbili kwenye mjengo, uoshe mpaka maji yatoke safi, uanike juani ukauke kabisa. Bakuli la maji liwe zito asiligeuze. Panya mpe aliyekufa, kwa sababu panya hai aliyebanwa kwenye kona humng'ata nyoka vibaya. Na stima ikipotea usiku, kama ilivyo kawaida yetu, plaiwudi nene itashika joto kwa muda. Chupa ya maji moto iliyofungwa taulo itasaidia hadi asubuhi.

Jambo moja silijadili. Nikisikia umeleta nyoka wa sumu, hata mdogo, hata kwa siku moja, nitakuja kulivunja sanduku kwa mikono yangu. Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa yaliyopuuzwa mwaka 2017, na linakadiria kwamba watu 81,000 hadi 138,000 hufa kila mwaka. Wale wanaofuga nyoka wa sumu kwa heshima, kama Bio-Ken pale Watamu, iliyoanzishwa na James Ashe na mkewe Sanda mwaka 1980, wana mafunzo na dawa, na kazi yao ni kuokoa watu. Chumba cha kulala cha Komarock si mahali pa kazi hiyo. Ukitaka kuwaona hao wakali kwa karibu, nenda Bustani ya Nyoka kando ya Makumbusho ya Taifa, ambayo imekuwapo tangu 1961. Nenda zaidi ya mara moja. Tazama milango yao inavyofungwa, uwaulize wahudumu maswali yako yote.

Sanduku likiisha, liache tupu wiki mbili stima ikiwa imewashwa. Andika joto la chini ya mchanga asubuhi, mchana na usiku wa manane, pande zote mbili. Likipanda na kushuka ovyo, tunarekebisha wakati hakuna kiumbe anayeumia ndani. Kibali kikikataliwa, sanduku nitalinunua mimi, mke wangu ana vifaranga wanaohitaji joto. Mbao nitakuchagulia Jumamosi hii. Njoo na nakala ya barua uliyoipeleka KWS.