Pambo na Ahadi

Huko Marekani huuzwa bangili za fedha zenye vipambo vidogo vinavyoning'inia, kwa ukumbusho wa desturi za maskauti wa kike: jani lenye sehemu tatu, hema, moto wa kambi. Mama aliyekuwa skauti zamani humnunulia binti yake, naye binti huongeza kipambo kimoja kimoja kadiri miaka ipitavyo. Je, jambo hili ni jema, au ni anasa iliyovikwa vazi la ukumbusho? Swali hili latuhusu na sisi, kwa maana maskauti wa kike wako katika nchi zetu pia, na watoto wa parokia zetu huvaa skafu na medali.

Kwanza tuseme wazi: si kosa kukumbuka jambo jema kwa kitu kinachoonekana. Mwanadamu si malaika. Ana mwili, na moyo wake huamshwa na yale ayaonayo na kuyagusa. Ndiyo sababu Kanisa hutumia maji, mafuta na majivu. Mjane huvaa pete aliyovishwa na marehemu mumewe, wala hakuna mwenye akili amwambiaye kwamba anaabudu dhahabu. Hata jani lile la maskauti lina maana yake, kwani sehemu zake tatu ni sehemu tatu za ahadi yao: wajibu kwa Mungu na kwa nchi, kuwasaidia watu, na kushika sheria ya skauti.

Lakini hatari ipo. Katika Kiingereza kipambo cha namna hii huitwa kwa neno lile lile linalotumika kwa hirizi. Twaona kwamba neno hilo latuonya. Hirizi ni kitu ambacho mvaaji hukitumainia kimfanyie kazi, hata yeye mwenyewe akiwa amelala. Alama njema ni kinyume chake. Hirizi huahidi kumlinda mvaaji. Alama humdai mvaaji ailinde. Binti aliyeahidi kuwasaidia watu, kisha akampita bibi kizee aliyelemewa na mzigo wa kuni, huku bangili yake ikilialia mkononi, amekwisha kuigeuza alama yake kuwa hirizi. Na Mkristo avaaye rozari shingoni wala asiisali, yeye ana tofauti gani?

Tumtazame mwanzilishi wa maskauti hao wa Marekani, Bi. Juliette Gordon Low, aliyewakusanya wasichana 18 mjini Savannah, katika jimbo la Georgia, tarehe 12 Machi 1912. Chama kilipohitaji fedha katika miaka yake ya mwanzo, mama huyo, ambaye hakujaliwa mtoto wa kumzaa, aliuza mkufu wake wa lulu adimu kwa dola 8,000 ili kulipa gharama. Alipofariki mwaka 1927 alizikwa katika sare yake ya skauti. Katika Injili mfanyabiashara aliuza mali yake yote apate lulu moja. Mama huyu aliuza lulu zake kwa ajili ya wasichana wa watu. Hakuupindua mfano wa Bwana wetu, bali aliufahamu.

Basi desturi ya kwanza ya chama hicho ni kutoa. Maskauti wa kike wa dunia huadhimisha tarehe 22 Februari, siku aliyozaliwa Baden-Powell, ambaye kaburi lake liko Nyeri, na tangu mwaka 1932 siku hiyo wamefundishwa kuchangia fedha kwa ajili ya wasichana wenzao wa nchi nyingine.

Je, tuwakataze mabinti zetu vipambo? La. Lakini twawasihi wazazi na walezi wa vijana: kila kipambo kiwe na tendo lake, na binti aweze kulitaja. Pambo lisinunuliwe kwa fedha ya ada ya shule, wala msichana wa maskini asione haya kwa sababu mkono wake ni mtupu. Na kila mmoja wetu ajiulize: jirani yangu akipatwa na shida, niko tayari kuliuza pambo langu? Ajibuye ndiyo, na alivae kwa amani. Ajibuye la, na alivue kwanza, airudie ahadi yake.