Nani Tumemweka wa Mwisho?

Masomo: Marko 5:21-43, 2 Wakorintho 1:15-24



Baadhi yenu mmeniona siku hizi baada ya Misa nikizunguka uwanjani na simu mkononi, nikiuliza nyumba ya fulani iko upande gani wa mwembe, na je, gari hufika mpaka mlangoni au huishia kwenye daraja. Mmoja wenu alitania kwamba mwalimu kastaafu ualimu, sasa kawa mpimaji ardhi. Padre ameniomba nieleze kazi hiyo katika gazeti letu. Nimekubali, ila nimeona siwezi kuieleza kazi bila kulieleza na kosa langu.

Kazi yenyewe mnaijua. Kila mwezi Padre huwapelekea wagonjwa na wazee wetu Sakramenti majumbani mwao. Zamani hapakuwa na haja ya ramani, maana mwalimu wa kanisa alizijua njia zote kwa miguu yake. Alitangulia na kengele, Padre akafuata. Leo mtaa umepanuka. Wapo waliojenga kando ya barabara ya Tanga, wapo waliobaki huko chini kwenye mashamba ya michungwa, na wapo walioko juu kwenye barabara ya kwenda Amani. Gari la kuazima tunalipata siku moja tu, na mafuta ni sadaka zenu. Kwa hiyo niliposikia kwamba simu huweza kupanga safari yenye vituo vingi, nikasema hiyo ni kazi yangu.

Mjue kwamba mimi ni mtu wa ramani. Miaka niliyofundisha jiografia katika chuo cha ualimu tulipima njia kwa uzi. Ramani ilikuwa ya kipimo cha 1:50,000, yaani sentimeta 2 za karatasi ni kilometa 1 ya ardhi. Mwanachuo aliulaza uzi juu ya barabara akifuata kila kona, kisha akaunyosha kwenye rula na kupiga hesabu. Mwenye haraka alikata kona, na jibu lake likawa fupi kuliko njia. Nilikuwa nikiwaambia kwamba uzi haudanganyi, anayedanganya ni mkono.

Basi, Ramani za Google, zilizoanza mwaka 2005, zimeuweka uzi huo ndani ya simu. Unaandika mahali pa kuanzia, kisha kituo cha kwanza, halafu unaongeza kituo kingine na kingine, mpaka vituo 9 baada ya mwanzo. Nyumba isiyo na namba wala jina la barabara, kama zilivyo nyingi zetu, unaitafuta kwenye picha ya ramani, unaweka kidole juu yake na kukishikilia kidogo, na alama nyekundu inasimama pale. Unaihifadhi. (Majina ya wagonjwa siyaandiki, maana simu huibwa. Naandika Nyumba ya 1, Nyumba ya 2, hivyo hivyo hadi mwisho.) Kisha simu inakuambia ni kilometa ngapi na ni dakika ngapi. Ukitaka kubadili utaratibu unakivuta kituo kwa kidole, unakipandisha au kukishusha, na hesabu inabadilika papo hapo. Yafaa pia, kabla ya kutoka mjini, kuipakua ramani ya eneo lote ikae ndani ya simu, kwa sababu huko juu mtandao hukatika. Ila bila mtandao itakuonyesha njia za gari tu, za miguu hapana.

Sasa jambo moja nataka lieleweke vizuri. Wengi hudhani simu ndiyo inayochagua nani aanze na nani afuate. Simu yangu haifanyi hivyo. Yenyewe hutafuta njia nzuri kati ya kituo na kituo, lakini utaratibu wa vituo huupokea kama nilivyoupanga mimi. Na utaratibu si jambo dogo. Nyumba 7 zaweza kupangwa kwa namna 5,040 mbalimbali. Zidisha mwenyewe 7 kwa 6 kwa 5 mpaka 1, utaona. Zikifika nyumba 9, namna ni 362,880. Wataalamu wa hesabu wameihangaikia mada hii miaka mingi, wakiiita hesabu ya mchuuzi anayezunguka miji, na hata leo haijulikani njia ya mkato iliyo ya hakika kwa kila safari. Mimi nilihangaika nayo jioni tatu, mke wangu akilalamika kwamba naharibu macho. Nilivuta Nyumba ya 3 juu, nikashusha ya 5, mpaka safari ya kilometa 61 ikawa ya kilometa 48. Nilifurahi kama mtoto aliyepata mia kwa mia.

Ilikuwa Kwaresima, na Padre alitaka wagonjwa wote wapokee kabla ya mvua kubwa za masika. Simu ilisema mwendo wote ni saa moja na dakika hamsini. Tukaondoka saa tatu asubuhi baada ya Misa, nikamwambia Padre kwamba saa sita tutakuwa tumerudi.

Hapo ndipo mkono ulipodanganya. Simu ilikuwa imehesabu mwendo wa gari peke yake. Haikuhesabu kukaa. Na nani awezaye kumpelekea mgonjwa Mwili wa Bwana na kuondoka baada ya dakika tano? Nyumba ya 1 mgonjwa alitaka kuungama. Nyumba ya 2 watoto wawili walikuwa wamegombana juu ya shamba, baba yao akaomba Padre awapatanishe mbele ya kitanda chake, na ndivyo ilivyofanyika, machozi yakatoka. Nyumba ya 4 walikuwa wamepika, na mtu wa kwetu hawezi kuondoka kwenye nyumba iliyompikia. Nasema haya bila kumlaumu mtu yeyote, kwa kuwa huko kukaa ndiko kulikotupeleka. Ila mimi, mwalimu wa jiografia, nilikuwa nimepanga safari ya gari, si safari ya Padre.

Tulipotoka Nyumba ya 6 ilikuwa yapata saa kumi alasiri, na mvua ikashuka. Barabara ya mlimani ni ya udongo mwekundu, ikilowa huteleza kama sabuni. Dereva alijaribu kilima cha kwanza, gari likarudi nyuma kiubavu mpaka ukingoni. Padre akasema turudi. Nikapiga simu kwa jirani wa Nyumba ya 7, haikupatikana. Tukarudi.

Usiku nikamsimulia mke wangu, nikitaja na zile kilometa 13 tulizookoa. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Aliyekosa ni nani?" Nikamwambia ni yule mama wa mlimani. "Na wa mwisho mwezi uliopita?" Nikanyamaza, maana alikuwa yeye. Na mwezi wa kabla yake pia. Kila nilipoupanga mviringo wangu mzuri yeye ndiye aliyebaki pembeni, kwa sababu anakaa mbali na hana mtu wa kuja kutuulizia. Mwezi uliopita tulimfikia magharibi, Padre amechoka, sala zikasomwa haraka. Sikuliona hilo katika ramani kwa kuwa halimo.

Asubuhi yake mvua ilikatika, nikamwomba Padre twende kwa pikipiki mbili. Tulifika saa nne. Meza ndogo ilikuwa imetandikwa kitambaa cheupe, mshumaa upo, msalaba upo. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Akajibu, "Marahaba, mwanangu. Poleni na njia." Hakuuliza kwa nini hatukuja jana. Ni mjukuu wake, binti wa miaka kama kumi, aliyesema bila kuulizwa kwamba bibi hajala tangu juzi usiku.

Wazee wa mtaa huu mtaelewa mara moja. Mama yule alifundishwa na wale mapadre wa zamani wa Magila kwamba mtu haonji kitu tangu usiku wa manane mpaka apokee. Jana alitungoja bila chai wala uji. Ilipofika magharibi akanywa maji, akasema huenda Padre atakuja kesho, akalala hivyo, na asubuhi akaanza tena kungoja. Umri wake umepita miaka themanini. Padre alimweleza kwa upole kwamba mgonjwa hafungwi na sheria hiyo. Akasema, "Nimesikia, Padre." Kisha akapokea. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nikiangalia viatu vyangu.

Tangu siku hiyo nimeisoma Marko 5 kwa jicho jingine. Twapenda kuhubiri juu ya yule mwanamke aliyetokwa na damu miaka kumi na miwili, jinsi alivyogusa vazi na Bwana akasimama kwa ajili yake. Ni vema. Lakini mara chache twasimama karibu na Yairo. Yeye ndiye aliyekuja kwanza, akaanguka miguuni pa Yesu, na safari ilikuwa ya kwenda kwake. Kisha njiani kinaongezwa kituo ambacho hakikupangwa. Bwana anauliza ni nani aliyemgusa, wanafunzi wanashangaa, mwanamke anatetemeka, anaeleza habari yake yote, na habari ya miaka kumi na miwili si ya dakika mbili. Yairo amesimama pale, na binti yake, mwenye miaka ile ile kumi na miwili, anakufa. Watu wanakuja kumwambia asimsumbue Mwalimu tena.

Je, Bwana alikosea kusimama? Siwezi kusema hivyo. Je, Yairo alikosea kuumia? Hilo nalo siwezi. Ninaloliona ni kwamba Bwana hakumwambia Yairo kwamba muda umekwisha, tutaonana mwezi ujao. Alimgeukia hapo hapo, akamtia moyo asiogope, akaenda naye mpaka ndani, chumbani kwa mtoto. Na alipomwinua, Marko hakusahau kuandika kwamba aliagiza apewe chakula. Nilikuwa nimeusoma mstari huo wa 43 mara nyingi sana maishani mwangu bila kuujali. Sasa nikiusoma namwona yule mjukuu akichochea moto na kuinjika sufuria ya uji.

Mtume Paulo naye alikuwa mpanga safari. Ukisoma 2 Wakorintho 1 utaona utaratibu wake: apite Korintho, aende Makedonia, arudi tena Korintho, kisha wamsafirishe kwenda Uyahudi. Vituo vinne. Safari ikabadilika, na Wakorintho wakanung'unika kwamba huyu husema ndiyo na siyo kwa pumzi moja. Angalieni alivyofanya. Hakusema tu kwamba bahari ilichafuka. Aliwaandikia, akawaeleza sababu, akamwita Mungu awe shahidi wake, kwa kuwa alijua kwamba mtu anayengojwa ana deni. Sisi siku ile tulikuwa na simu tatu ndani ya gari, wala hatukumtuma hata kijana mmoja wa bodaboda kabla mvua haijaanza. Tulipokuwa Nyumba ya 4 saa saba mchana, sahani mbele yetu, tayari ilionekana wazi kwamba hatutamaliza. Sikusema kitu, kwa sababu hesabu ilikuwa yangu na niliona haya.

Sijaiacha simu, na yeyote anayedhani naandika ili kuilaumu hajanielewa. Bado ndiyo inayoniokolea mafuta yenu. Ila sasa kabla ya kuigusa naandika kwa kalamu, katika daftari, nani anafunga, nani yu peke yake, nani alikuwa wa mwisho mara iliyopita. Kila nyumba naipa dakika arobaini juu ya dakika za simu. Wanaokaa kwenye barabara mbaya wanatangulia, udongo ungali mkavu. Nafasi moja katika vile vituo 9 naiacha wazi, maana haijatokea safari ambayo hatukusimamishwa njiani na mtu mwenye mgonjwa tusiyemjua. Safari yetu imerudi kuwa kilometa 60 na kitu. Mtunza hazina ameniuliza habari ya mafuta, nami nimemjibu mbele ya kamati.

Safari ijayo ni Alhamisi ya kwanza ya mwezi. Mwenye mgonjwa au mzee ambaye jina lake halimo katika daftari aniambie mapema, pamoja na alama za nyumba: kisima, duka, mti gani. Akina Mama wa Umoja wameahidi kutoa mtu mmoja wa kukaa na simu hapa kanisani siku nzima, ili tukichelewa apige huku na huko, na pale simu isipofika atume bodaboda. Mama wa mlimani amekwisha kuarifiwa kwamba tutaanza kwake saa mbili asubuhi, na mjukuu wake ameagizwa aweke chai motoni atakapolisikia gari.