Mhuri wa Umma, Dhamiri ya Meya

Raia anayevunja sheria kwa ajili ya dhamiri hujitoa mwenyewe. Mwandishi Mmarekani Henry David Thoreau alipogoma kulipa kodi mwaka 1846, aliyelala lokapu ni Thoreau. Mtumishi wa serikali hali yake ni nyingine. Nguvu yake imo katika mhuri, na mhuri ni wa umma.

Ndiyo maana uamuzi wa Gavin Newsom, aliyekuwa meya wa San Francisco, unanishughulisha. Tarehe 12 Februari 2004, sheria ya California ikitambua ndoa ya mwanamume na mwanamke tu, jiji lilianza kuwapa hati za ndoa wapenzi wa jinsia moja. Watu walipanga foleni hata mvuani. Kwa muda wa mwezi mmoja walioana jozi 4,000 hivi, wa kwanza wakiwa Del Martin na Phyllis Lyon, waliokwisha kuishi pamoja zaidi ya miaka 50. Tarehe 11 Machi Mahakama ya Juu ya jimbo ikaamuru jiji likome, nalo likakoma. Agosti ndoa zote zikatamkwa batili.

Meya hakufungwa, walionyang'anywa ndoa ni wengine. Je, mtu ana haki ya kuasi kwa gharama ya mwenzake?

Newsom alisema aliapa kuilinda katiba, nayo inaahidi usawa. Mahakama ikajibu kwamba kuipima sheria kwa katiba ni kazi ya majaji. Hoja hiyo ina uzito, hasa nikimkumbuka Kim Davis, karani wa kaunti huko Kentucky, ambaye mwaka 2015 naye alitaja dhamiri alipokataa kutoa hati za ndoa kwa wapenzi wa jinsia moja. Hata hivyo siwezi kuwaweka kundi moja. Davis alishikilia msimamo hata baada ya jaji kumwamuru, akawekwa jela siku kadhaa. Newsom alipoambiwa simama, alisimama, na jiji likafungua kesi. Mei 2008 mahakama ileile ikaamua kwamba katazo lilivunja katiba ya jimbo.

Kuhusu gharama, kuna jambo linalosahaulika. Fomu za jiji ziliwaonya waombaji kwamba huenda ndoa yao isitambuliwe popote nje ya San Francisco. Walisoma, wakatia saini. Kwa hiyo waliasi pamoja na meya, wakijua kwamba wao ndio wangepoteza zaidi. Jina la Newsom ndilo linalotajwa kwa kuwa amri ilikuwa yake; mimi heshima yangu kubwa naiweka kwa waliosimama kwenye foleni ile.