Kupenda Pikipiki au Kupenda Uadimu Wake?

Tuseme kuna mtu mwenye pikipiki aina ya Lilac, iliyoundwa Hamamatsu, Japani, katika miaka ya 1950. Ameitafuta muda mrefu, ameilipia fedha nyingi, na anajua kwamba zilizobaki ni chache. Siku moja anapigiwa simu: katika ghala fulani zimepatikana Lilac mia moja, nzima kabisa, zimefunikwa turubai. Je, anafurahi?

Akifurahi, basi alikuwa anaipenda pikipiki. Akihuzunika, alichokipenda ni kule wengine kuikosa, na pikipiki yenyewe ilikuwa kisingizio.

Nieleze kwanza pikipiki hizi ni zipi, kwa sababu hapa Kampala ukisema pikipiki za Kijapani watu hufikiria Honda, Yamaha, Suzuki na Kawasaki. (Na hata hizo, kwenye stendi za bodaboda zimefunikwa na Bajaj za India.) Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Japani ilikuwa na watengenezaji wa pikipiki zaidi ya mia moja. Miji ilikuwa imebomolewa, watu walihitaji usafiri wa bei nafuu, na fundi mwenye karakana ndogo aliweza kufunga injini kwenye baiskeli akaanza biashara. Soichiro Honda mwenyewe alianza hivyo mwaka 1946, kwa injini ndogo zilizokuwa zikiendesha jenereta za redio za jeshi. Wengi hawakufika mbali. Masashi Ito, aliyewahi kufanya kazi chini ya Honda, alianzisha kampuni ya Marusho akatengeneza Lilac, ambazo gurudumu la nyuma liliendeshwa kwa shafti badala ya cheni. Mwaka 1955 Lilac ilishinda daraja la cc 250 katika mbio za kwanza za Asama, kwenye barabara za vumbi karibu na volkano. Kufikia 1967 kampuni ilikuwa imekwisha. Meguro ilimezwa na Kawasaki. Tohatsu ilibaki na injini za boti. Bridgestone, hao hao wa matairi, nao walitengeneza pikipiki kisha wakaacha.

Sasa kuna watu wanaozikusanya, Japani, Marekani, Ulaya. Baadhi huzifufua na kuziendesha. Baadhi huziweka ndani, injini isiguswe, kwa kuwa kila kilomita hupunguza thamani.

Najua pingamizi litakalotolewa. Mali ni yake, hamdhuru mtu. Tena bei kubwa ndiyo iliyoziokoa. Zisingekuwa na bei zingeuzwa kama chuma chakavu. Pingamizi hili lina nguvu na silipuuzi. Mtu aliyelipa fedha nyingi kwa Lilac yenye kutu amefanya jambo ambalo mimi na wenye mawazo mazuri tusingelifanya. Lakini kuokoa kitu hakukupi ruhusa ya kufanya lolote nacho baada ya hapo. Anayemwokoa mtoto mtoni hapati haki ya kumfungia chumbani.

Mtaniambia pikipiki si mtoto. Kweli. Je, kuna mwingine anayedhurika? Hapa John Mbiti, Mkenya aliyefundisha Makerere, amenisaidia. Katika kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika anatumia maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani. Marehemu hubaki katika Sasa maadamu yupo aliyemfahamu na bado anamkumbuka kwa jina. Akiondoka wa mwisho, huzama katika Zamani. Mbiti hakuwa akiandika juu ya pikipiki, na huenda angenicheka. Hata hivyo nafikiria wale waliosimama kwenye mashine huko Hamamatsu wakichonga gia za ile shafti. Majina yao siyajui, wala mkusanyaji hayajui. Kilichobaki cha kuwakumbusha ni namna gia ilivyochongwa, mlio wa injini, na ujuzi wa kuifungua na kuifunga. Pikipiki isiyowashwa hukumbusha jina lililoandikwa kwenye tangi tu. Kazi ya mikono yao huzama.

Mjomba wangu ni fundi wa bodaboda. Nilimwonyesha kwenye simu picha ya Lilac inayong'aa kama sahani. Akaitazama sana.

"Inabeba abiria wangapi?"

"Haibebi, mjomba. Haiendeshwi."

"Sasa gasketi wanapata wapi?"

Niliona kama hajanielewa. Baadaye niligundua kwamba alikuwa ameuliza swali linalopaswa kuulizwa. Kiwanda kimekufa, gasketi hazipo. Mwenye Lilac anayetaka iwake lazima amtafute mtu wa kuikata, na mtu huyo akishakuwa na kipimo, Lilac nyingine inaweza kuwaka. Kila kipimo kinachogawiwa, kila spea inayotengenezwa upya, hupunguza kidogo uadimu, na pengine bei. Ndiyo maana naona hapa ndipo mapenzi yanapopimwa: mwenye kuipenda pikipiki atafanya kazi hiyo japo inaigusa mali yake mwenyewe, mwenye kupenda uadimu atanunua gia mbili za mwisho na kuzifungia kabatini.

Wapo walioifanya. Hodaka ziliundwa Japani na kuuzwa na kampuni ya Athena, mji mdogo wa jimbo la Oregon, Marekani. Biashara ilikufa mwaka 1978. Wapenzi wake hawakungoja ziwe adimu. Walikutana Athena, wakaziendesha hadi zikachafuka, na wapo walioshika kazi ya kutengeneza upya spea ambazo hakuna kiwanda kingezitoa.

Kwenye gereji ya mjomba kuna msumari ukutani, na juu yake zimetundikwa gasketi kuukuu, nyeusi kwa oili, za injini ambazo nyingine hazionekani tena barabarani. Akihitaji mpya huweka ile ya zamani juu ya karatasi ngumu, akaichora kwa kalamu, akakata kwa mkasi. Fundi wa jirani akija kuazima, mjomba hamuulizi pikipiki ni ya nani. Humwambia tu airudishe kwenye msumari.