Kura ya Sebuleni

Hapa Laeken, Brussels, nyumba nyingi za wahamiaji zina katibu wake, na mara nyingi ni msichana wa sekondari. Ndiye mwenye namba za siri za vitambulisho vya baba, mama na shangazi. Fomu za kodi anazijaza yeye, barua za manispaa anazijibu yeye, miadi ya hospitali anaipanga yeye. Kwa hiyo nikisikia watu wakitaka kura za manispaa zipigwe kwa simu, najiuliza: atazipiga nani?

Siichukii mashine ya kupigia kura. Brussels inaitumia tangu miaka ya 1990. Oktoba 13, 2024 tuliitumia tena: unapewa kadi, unaichomeka, unagusa majina kwenye skrini, karatasi inatoka; unaikunja, unaisomesha kwenye sanduku na kuitumbukiza humo. Karatasi hiyo haikuja bure. Mwaka 2003, kwa jirani zetu wa Schaerbeek, kompyuta ilimwongezea mgombea mmoja kura 4,096. Ikashtukiwa kwa sababu tu kura zake zilizidi zile ambazo orodha ya chama chake ingeweza kumpa. Mfumo wenye karatasi ulianza kutumika Ubelgiji mwaka 2012. Wakenya walioiona Mahakama ya Juu ikifuta uchaguzi wa rais mwaka 2017, baada ya tume ya uchaguzi kushindwa kufungua seva zake kama ilivyoamriwa, hawahitaji maelezo zaidi.

Wadukuzi, hata hivyo, si hofu yangu kubwa. Estonia inapiga kura kwa intaneti tangu uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2005, na imemfikiria hata anayelazimishwa: anaruhusiwa kurudia, ya mwisho ndiyo inayohesabiwa, na akienda kituoni, kura ya karatasi inaifuta ile ya intaneti. Wamefikiri vizuri. Lakini mama ambaye kitambulisho chake kinakaa kwenye droo ya mumewe atarudia saa ngapi?

Tangu 2006, mtu asiye raia wa Umoja wa Ulaya aliyeishi Ubelgiji miaka mitano anaweza kuchagua madiwani wake, mradi ajiandikishe na kutia saini kwamba ataiheshimu katiba. Wengi wetu hatujiandikishi, na hilo ni la kuona aibu. Mama mmoja wa Bukavu, jirani yangu, hujiandikisha na huenda. Nilimuuliza kwa nini hatumi mtu akampigie. Akacheka. "Mule kwenye kibanda bwana yangu haingii, dada."

Kutuma mtu kunaruhusiwa, kwa sababu maalumu kama ugonjwa au kazi. Anayesafisha ofisi au kulea wazee siku ya uchaguzi anaijua njia hiyo, na akiitumia, siri yake keshampa mwenzake. Ana haki ya kulalamika kwamba Jumapili moja haimtoshi. Mimi ningemfungulia kituo tangu Jumatano, hadi saa tatu usiku, kabla ya kumpa programu ya simu.